Mashine inayoamua safari ya mahindi: Nani Afrika Mashariki anajua ilivyo ndani?

MACHI 5, 2021, barua moja kutoka Nairobi ilisimamisha mahindi ya nchi mbili. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya (AFA) iliiandikia idara ya forodha kwamba mahindi kutoka Tanzania na Uganda yasiingie nchini, kwa kuwa vipimo vilionyesha sumukuvu iliyozidi kiwango kinachokubalika. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena ije na cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Mengi yalisemwa wiki ile. Wanasiasa walizungumzia ujirani mwema, wafanyabiashara wakazungumzia hasara, wakulima wakazungumzia bei. Kilichozungumzwa kwa nadra ni tarakimu yenyewe. Ilitoka wapi? Ilipimwa kwa kitu gani? Na kama maabara ya upande mmoja wa mpaka ingesoma 8 na ya upande wa pili ikasoma 13 kwa lori lile lile, nani angekuwa msema kweli?

Swali hilo halijapita na mwaka 2021. Mwaka 2023 malori ya nafaka kutoka Uganda yalikwama upande wa Sudan Kusini kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Na tatizo si la kuvuka mpaka tu: Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi zilizokuwa zikiuzwa madukani humo humo Kenya.

Kusema "sehemu 10 kwa bilioni" ni kusema mikrogramu 10 za sumu katika kilo moja ya mahindi. Lori lililobeba tani 30 na kufika hasa kwenye kikomo hicho linakuwa na gramu 0.3 tu za aflatoksini ndani ya shehena yote. Kidonge kimoja cha kawaida cha parasetamoli kina gramu 0.5 za dawa. Yaani kitu kilicho pungufu ya kidonge, kikiwa kimetawanyika katika magunia 300 ya kilo 100, ndicho kinachoamua kama dereva atasonga mbele au atageuza gari.

Hakuna jicho, pua wala ulimi unaoweza kukiona kiasi hicho. Ni mashine tu. Ndiyo maana kuijua mashine hiyo, inavyofanya kazi na inavyoundwa, si jambo la kuachiwa wanakemia peke yao.

Sumu iliyotambuliwa kwa mwanga wake

Aflatoksini ilijulikana kwa sayansi mwaka 1960, baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulifuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga, na kutoka kwenye mashudu hadi kwenye kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Jina la sumu lilitokana na jina la kuvu huyo.

Watafiti walipoitenganisha sumu hiyo na kuimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, iling'aa. Aina moja iling'aa buluu, nyingine kijani. Zikaitwa B na G, kwa herufi za kwanza za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Aina ya B1 ndiyo kali kuliko zote na inajulikana kusababisha saratani ya ini.

Afrika Mashariki imelipia somo hilo kwa maisha ya watu. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake mashariki mwa Kenya, wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania ya kati, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Kwa hiyo, anayedai kuwa kipimo cha mpakani ni kisingizio cha kibiashara tu anasahau makaburi hayo. Na anayedai kuwa kila tarakimu itokayo maabara ni ukweli usiohojiwa, naye anasahau jinsi tarakimu hiyo inavyopatikana.

Safari ya punje ndani ya mashine

Kwenye mpaka au ghalani, kipimo cha kwanza mara nyingi ni kijiti cha haraka. Kinafanya kazi kwa kanuni ile ile ya kipimo cha malaria au cha mimba: kimiminika kinapanda kwenye karatasi, kinakutana na kingamwili zilizopakwa mstari, na mstari unatokea au unafifia. Ni cha bei nafuu na hutoa jibu kwa dakika chache. Lakini mzigo ukibishaniwa, kesi inapelekwa kwenye mashine kubwa zaidi, na inayotumika sana ni ya kromatografia ya kimiminika.

Mashine hiyo ina sehemu nne za msingi, na kila moja inaeleweka bila shahada.

Ya kwanza ni pampu. Inasukuma mchanganyiko wa maji na viyeyushi kama methanoli kwa mgandamizo ambao mara nyingi ni kati ya mara 50 na 100 ya ule wa tairi la gari dogo. Ndani yake kuna vali ndogo zenye gololi ya rubi inayokaa juu ya kikalio cha yakuti, kwa sababu chuma cha kawaida kingelika haraka.

Ya pili ni mlango wa sampuli. Mahindi yaliyosagwa yanalowekwa kwenye kiyeyushi, yanachujwa, kisha yanapitishwa kwenye kichujio chenye kingamwili zinazonasa aflatoksini na kuachia uchafu upite. Kinachoingizwa mwishoni kwenye mashine ni matone machache tu.

Ya tatu ni kolamu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Ni bomba la chuma cha pua lenye urefu wa kama sentimita 25, lililoshindiliwa chembe za silika zenye upana wa milioni tano za mita, nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara 10. Chembe hizo zimevishwa kitu kama mafuta. Kila aina ya molekuli inayopita inavutwa na pande mbili: kimiminika kinaisukuma mbele, mafuta yanaibakiza nyuma. Zinazopenda maji hutoka mapema, zinazopenda mafuta huchelewa. Aflatoksini nne zilizoingia pamoja hutoka kwa foleni: G2, G1, B2, kisha B1.

Ya nne ni kitambuzi. Taa inamulika kimiminika kinachotoka kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365, na kihisi kinatafuta mng'ao wa buluu unaojibu, karibu nanomita 435. Ni mng'ao ule ule uliowashangaza watafiti wa miaka ya 1960. Kwa kuwa B1 na G1 hufifia zikiwa ndani ya maji, maabara nyingi huongeza hatua moja kabla ya kitambuzi, kwa kemikali au kwa taa nyingine, ili zing'ae vizuri. Kwenye kompyuta kila aina inachora kilima chake. Ukubwa wa kilima ndio wingi wa sumu.

Hapo msomaji aonywe: tochi ya urujuanimno inayouzwa madukani haiwezi kuchukua nafasi ya mashine hii. Mng'ao wa kijani-manjano unaoonekana kwenye punje unatokana na kitu kingine kinachotengenezwa na kuvu. Unaweza kuuona mahali pasipo na sumu, na usiuone mahali ilipo.

Tarakimu inapopotea njia

Kilima kwenye kompyuta hakisemi "8" wala "13". Ili kipewe namba, mtaalamu lazima kwanza apitishe kwenye mashine myeyusho wa aflatoksini ambao kiasi chake kinajulikana, kisha alinganishe. Kazi hiyo ya ulinganishaji ndiyo inayoitwa ugezi.

Sasa tuseme myeyusho huo wa rejea umekaa vibaya. Aflatoksini huharibiwa na mwanga, hivyo chupa iliyoandikwa 10 inaweza kubaki na 8 tu. Mashine haijui. Inaambiwa kuwa kilima cha 8 ni 10, na kuanzia hapo kila mzigo unaongezewa robo. Mahindi yenye 9, ambayo ni halali, yatasomeka 11.25 na kukataliwa. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyehongwa, lakini mfanyabiashara amefilisika.

Chanzo kikubwa zaidi cha tofauti kipo nje kabisa ya mashine, kwenye bambo. Kuvu haenei sawasawa: gunia linaweza kuwa na punje chache zilizojaa sumu katikati ya maelfu yaliyo safi. Maabara mwishowe inapima kama gramu 25 za unga kutoka lori la tani 30, yaani sehemu moja katika milioni 1.2. Bambo likichomwa kwenye magunia matatu ya juu tu, jibu litakuwa la magunia hayo matatu, hata mashine iwe ya bei gani. Ndiyo maana taratibu za viwango hutaka sampuli zichukuliwe sehemu nyingi, zichanganywe, zisagwe zote, ndipo zipunguzwe.

Kuna na suala la kikomo chenyewe. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni 10 kwa aflatoksini zote na 5 kwa B1. Marekani inaruhusu 20 kwa chakula cha binadamu. Umoja wa Ulaya unataka nafaka za kuliwa moja kwa moja zisizidi 4. Lori lile lile ni safi Houston, lina mashaka Namanga na ni haramu Rotterdam. Hilo ni la watunga sera kuamua. Lakini namba iliyo chini ya mjadala lazima iwe moja.

Walioziunda walianza na makopo

Kinachosahaulika ni kwamba mashine hizi hazikushuka zikiwa zimefungwa kwenye makasha. Ziliundwa na watu waliokuwa na shida za kawaida, na nyingi zilikuwa shida za kilimo.

Mwanabotania Mrusi, Mikhail Tswett, mwanzoni mwa karne ya 20 alimimina maji ya majani mabichi juu ya bomba la kioo lililojaa unga wa chokaa. Rangi zikashuka kwa mwendo tofauti, kijani huku, njano kule, naye akaiita njia hiyo kromatografia, maandishi ya rangi. Mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kurudia jaribio hilo kwa wino wa kalamu, chaki ya ubaoni na maji kidogo.

Waingereza Archer Martin na Richard Synge walikuwa wakitafiti sufu ya kondoo mjini Leeds walipoiboresha njia hiyo mwaka 1941. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Mmarekani Arnold Beckman aliunda kipimo chake cha asidi mwaka 1934 kwa sababu rafiki yake alihitaji kupima ukali wa maji ya malimau ya California.

Na mwaka 1957, jijini London, James Lovelock aliunda kitambuzi kinachogusa historia ya ukanda huu moja kwa moja. Ndani ya chumba kidogo, chembe ya mnunurisho inatoa elektroni zinazotengeneza mkondo mdogo wa umeme. Molekuli yenye klorini ikipita, inazimeza elektroni na mkondo unashuka. Viuatilifu vingi vya zamani, DDT ikiwemo, vina klorini. Kifaa hicho kinachoweza kushikwa kwa kiganja kiliiwezesha dunia kuona mabaki ya DDT mahali ambapo hakuna aliyedhani yapo.

Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa hofu ya viuatilifu, mashine zenye vitambuzi vya aina hiyo ndizo zilizohitajika kusema kama samaki ni salama. Ziwa ni moja, sangara ni yule yule, na nchi zote tatu zilijikuta zinahitaji maabara ambazo Ulaya ingeziamini. Wavuvi wa Mwanza, Jinja na Kisumu walijifunza kwa njia ngumu kwamba samaki bila kipimo ni samaki asiye na soko.

Kubofya na kujua

Leo mashine zipo. Ziko kwenye mashirika ya viwango ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, ziko kwenye vyuo vikuu na kwenye vituo vya utafiti. Zote zinatoka nje ya ukanda, na nyingi huja na mkataba wa matengenezo unaomleta fundi kwa ndege. Mkataba ukiisha, mashine ikipata hitilafu huweza kufunikwa kitambaa na kungoja bajeti.

Mara nyingi hitilafu yenyewe ni ndogo. Kipovu cha hewa kikiingia kwenye pampu, mgandamizo unayumba na vilima vinahama mahali pake. Anayejua kwamba kuna gololi inayopaswa kukaa sawasawa kwenye kikalio chake atafungua vali, atatoa hewa na kuendelea na kazi mchana huo huo. Anayejua kubofya tu ataandika barua ya kuomba fundi. Umeme ukikatika ghafla, taa ikichakaa, kolamu ikiziba kwa uchafu, mambo ni yale yale.

Mafunzo ndiyo yanayowatofautisha watu hao wawili. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada ya kemia akiwa amechora mchoro wa mashine kwenye mtihani mara kumi bila kuufungua mfuniko wake hata mara moja, kwa kuwa chuo kina moja tu na hakuna anayetaka iharibike mikononi mwa mwanafunzi. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini dawa yake ipo, nayo ni kuanza na mashine ambayo ikiharibika haimlizi mtu.

Mfano rahisi ni kipimarangi. Kinahitaji taa ndogo ya LED, kichupa chenye kuta zinazopitisha mwanga, kihisi cha mwanga, kibodi cha kielektroniki cha bei nafuu na sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani. Weka maji safi, kihisi kisome 1,000. Weka chai ya rangi, kisome 500. Ukiongeza unene wa chai mara mbili hakisomi sifuri, kinasoma 250, kwa sababu kila tabaka linakula nusu ya kilichobaki. Kanuni hiyo, iliyojengwa na Bouguer mwaka 1729, Lambert mwaka 1760 na Beer mwaka 1852, ndiyo iliyo ndani ya mashine za mamilioni ya shilingi.

Nacho si cha kuchezea tu. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru hadi Arusha, maji ya visima vingi yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), na meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi. Njia moja ya kuipima hutumia rangi nyekundu inayopauka kadiri floridi inavyoongezeka. Mwanafunzi aliyeunda kipimarangi chake anaweza kuanza kazi kwenye kisima cha kijiji chake.

Kwamba vifaa vya maabara vinaweza kuundwa hapa si ndoto. Darubini ya OpenFlexure, ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote na sehemu zake nyingi huchapwa kwa printa ya 3D, imetengenezwa Dar es Salaam na Bongo Tech & Research Labs, na Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki kuijaribu kwa ajili ya malaria.

Ni kweli, kipimarangi cha darasani hakiwezi kutoa cheti cha mpakani. Cheti kinahitaji maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, mashine iliyofanyiwa ugezi na kumbukumbu zinazokaguliwa. Lakini ithibati nayo inasimama juu ya watu. Mkaguzi anapouliza kwa nini kilima kimehama, lazima awepo mtu wa kujibu.

Sheria ipo, mikono ndiyo haba

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishatunga Sheria ya Viwango, Uhakiki wa Ubora, Vipimo na Upimaji mwaka 2006. Lengo lake ni kwamba bidhaa iliyopimwa na kuthibitishwa katika nchi mwanachama isipimwe upya kila inapovuka mpaka. Mwaka 2021 ulionyesha umbali uliopo kati ya maandishi na barabara ya Namanga.

Umbali huo haufupishwi na matamko. Unafupishwa pale unga ule ule wa mahindi unapogawanywa na kupelekwa Nairobi, Arusha, Kampala, Kigali, Bujumbura, Juba na Kinshasa, majibu yakawekwa mezani pamoja, na maabara iliyopotoka ikasaidiwa badala ya kuaibishwa. Unafupishwa pale fundi wa Kampala aliyeiva anapoweza kupanda basi kwenda kufungua pampu ya Dodoma, na kolamu mpya isipokwama forodhani wiki tatu kwa kukosa mtu anayejua ni kitu gani.

Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970. Kurudi huko si lazima. Kuwa na karakana moja ya pamoja, ambamo vijana wa nchi zote nane wanafungua mashine zilizokufa, wanazifufua na kuunda ndogo zao, hakuhitaji mkataba mpya wa marais.

Mkulima wa Kibaigwa na msagaji wa Thika hawatakutana maabara. Wataunganishwa na namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na kila mmoja atakuwa na haki ya kuuliza imepatikanaje. Kwa sasa, wa kuwajibu kwa ukamilifu bado ni wachache.